Kwa Nini Naitwa Mvuya

Tangu asubuhi nimeketi kuandika, na nimeshainuka mara nne. Mara ya kwanza kukaza bawaba ya dirisha. Mara ya pili kuikaza tena, ingawa haikuwa imelegea. Mara ya tatu nilijikuta nagonga mtungi wa maji kwa kifundo cha kidole, nimeuinamia nisikie unasemaje. Ya nne sikumbuki niliinukia nini. Kazi nimeiacha, lakini mikono haijapata habari.

Nawaandikia nyinyi vijana wa warsha ya useremala ya Langoni kwa sababu ya swali la Khadija. Mlinialika niwaeleze habari za kazi yangu, mkanipa kiti na soda, nami nikaanza kwa mbwembwe kuwaambia jinsi pipa linavyoundwa bila msumari hata mmoja. Khadija akanyoosha mkono. "Babu," akasema, "kama ulikuwa fundi hivyo, mbona mtaani wakwita Mvuya?" Mkacheka nyote. Kwetu kuvuja ni kuvuya, na Mvuya ni mtu ambaye kazi yake yavuja. Nikajibu kwamba ni utani wa wazee, nikamaliza soda, nikaondoka kabla ya saa yangu kwisha.

Tangu siku hiyo sijatulia. Jina hilo nimelibeba zaidi ya miaka ishirini, na sijamwambia mtu yeyote lilivyopatikana. Niliyekuwa nikimficha ni mama yangu, naye alifariki mwaka jana. Sasa sina wa kumficha, na bado nahisi kama mtu aliyeshika mali isiyo yake. Kwa hiyo leo nasema, na mkinicheka, chekeni.

Warsha yetu ilikuwa Mokowe, hatua chache kutoka gatini. Mwenye warsha alikuwa Mskoti mmoja mzee tuliyemwita Bwana Aleki. Kwao walikuwa watengeneza mapipa, baba kwa babu. Alikuja Lamu kutembea, akaoa, akakataa kurudi. Kiwanda kimoja cha pombe cha bara kilikuwa kikimletea mapipa ya mwaloni yaliyochoka kutoka Ulaya, mengine mazima, mengine yamevunjwa na kufungwa mafungu ya mbao. Sisi tukiyaunda upya, tukiyachoma ndani kwa moto, kisha yakirudishwa bara yakatiwe wiski. Wiski hulazwa humo miaka na miaka, na mbao ndizo zinazoipa rangi na ladha. Mimi sijawahi kuionja. Niliijua kwa pua tu.

Nilifika kwa Bwana Aleki nikiwa kalafati, kama baba yangu. Kalafati ni yule anayeshindilia pamba kwenye maungio ya mbao za chombo kwa chembeu na nyundo, na akimaliza chombo hupakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo harufu yake mwaijua. Wiki yangu ya kwanza Bwana Aleki alinionyesha pipa lililokuwa likitoa jasho kwenye maungio. "Omari, hii inavuja. Tazama," akasema, akavuka kwenda Lamu kwa shughuli zake.

Yeye alitaka nilitazame. Mimi nikalitengeneza. Nikashindilia pamba kila ungio kwa ustadi niliorithi, nikalipaka sifa nje, na kwa bidii ya mtu mgeni kazini, nikalipaka na ndani. Aliporudi alisimama mlangoni, hata pipa hajaliona.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Nimelipaka sifa, Bwana."

Neno hilo yeye alilijua kwa maana moja tu. "Unalisifu? Pipa?"

Mwenzangu Kamau, ambaye baba yake alikuwa na shamba upande wa Kililana, alicheka hadi akaketi chini kwenye vumbi la mbao. Pipa lile lilipasuliwa kuni, na kuni zenyewe hakuna mpishi wa Mokowe aliyezikubali. Kwa miezi mizima kila nilipofanya kazi vizuri Kamau alisema, "Boss, mpake sifa huyu."

Siku ya pili Bwana Aleki alinikalisha akanifundisha, na hili ndilo nililotaka kuwaeleza kabla Khadija hajanivuruga. Pipa halizibwi. Kila ubao huchongwa mpana katikati na mwembamba huku na huku, na kingo zake hulazwa kidogo ili zikutane sawasawa na za jirani yake. Mbao huloweshwa, moto huwashwa katikati, zikishalainika huvutwa pamoja na pete za chuma hushushwa kwa nyundo. Ukitia maji, mbao zinavimba na kusukumana, na maungio yanajifunga yenyewe. Ukiweka pamba katikati umezizuia zisikutane. Sisi makalafati tumelelewa tukiamini maji ni adui wa kuzuiwa mlangoni. Fundi wa pipa huyaacha maji yamalizie kazi yake, na mimi ilinichukua karibu mwaka mzima kuacha kupapasa mfukoni nikitafuta pamba.

Mahali pamoja tu paliruhusiwa kutiwa kitu, kati ya mbao za kifuniko, napo hutiwa tete kavu lililochanwa. Matete ya Bwana Aleki yalipokwisha, nilimletea ukindu kutoka kwa wasuka mikeka, nikauchana mwembamba. Alilijaza pipa maji ya moto, akaliviringisha, akangoja na saa yake mkononi. Halikutoa tone. Kesho yake aliniambia, "Leta tena ile ya mama wa mikeka," na mimi nilitembea juu juu siku nzima.

Nimeinuka tena. Nimerudi.

Sasa mama. Mama yangu, Bi Zena, alikuwa mtu wa swala na wa nyumbani kwake, na hakuingiza kitu ndani asichojua kimetoka wapi. Siku niliyomwambia naacha ukalafati alikuwa akichambua mchele.

"Waenda kuunda ni?" akaniuliza.

"Mapipa."

"Mapipa ya ni?"

Jibu la kweli lilikuwa tayari kinywani. Kisha nikaona vidole vyake vimesimama juu ya ungo, vinangoja.

"Ya mai, mama." Mai kwetu ni maji.

"Mai ya nani?"

"Ya watu wa bara."

Vidole vikaendelea na mchele. "Kazi ya mai ina thawabu," akasema, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina. Mkitaka kujua uvujaji ulianzia wapi, ulianzia pale, kabla sijashika ubao wa kwanza.

Miaka ikapita. Nikawa fundi. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ufundi huo ndio nitakaouharibu hivi punde. Niliweza kugonga pipa tupu na kujua ni ubao upi una ufa, maana pipa zima hulia mlio mmoja na lenye ufa hukohoa. Baadaye kililetwa kidude chenye sindano mbili cha kupimia unyevu wa mbao. Kilisema kavu, nikasema mbichi, tukabishana kidude na mimi mbele ya watu, na ubao ule ukapinda baada ya wiki. Bwana Aleki alikiweka kidude kabatini. Nyinyi mtafanya kazi na vidude hivyo na sivilaumu, lakini msiache kugonga.

Kamau alinifundisha jambo jingine. Pipa likifika zima kutoka Ulaya, tupu, alilitia ndoo ya maji, akalikaza kizibo, akaliacha juani, na kila akipita akaliviringisha kwa mguu. Ikifika Ijumaa, maji yale hayakuwa maji tena. Ubao hunywa, wanangu. Pipa lililolala na wiski miaka mingi huwa limeinywa ndani kabisa ya mbao, na ukilitia maji linairudisha. Bwana Aleki alijua mchezo huo na akajifanya hajui. Mimi nilijua pia. Hilo mlikumbuke.

Basi mwaka mmoja jabia ya nyumbani kwetu, birika la maji ya mvua tulilorithi, ikapata ufa. Mama akawa anaweka maji ya kunywa kwenye madebe ya plastiki, na plastiki hakuipenda. Nilipoingia siku hiyo alikuwa amekwisha kuamua.

"Watu wa bara wote wanywa mai kwenye mapipa yako," akasema, "na mimi mamako nanywa kwenye madebe. Niundia na mimi langu."

Mbao mpya za mwaloni hatukuwa nazo. Kila kilichofika Mokowe kilifika kimeshakunywa. Ningeweza kusema kweli siku ile, ningeweza kutafuta kisingizio. Badala yake nilichagua mbao bora kuliko zote, nikaziparuza ndani kwa randa hadi rangi ya zamani ikatoka, nikazichoma upya, nikaliunda, nikaliloweka siku tatu, nikalimwaga, nikaingiza kichwa ndani nikanusa. Sikusikia kitu. Nikasema limetakata.

Wanangu, nilikuwa nimeshinda na harufu ile miaka. Mtu anayekaa na sifa ya papa haisikii, nami nilikuwa wa kwanza kulijua hilo tangu utotoni, na bado niliiamini pua yangu.

Lilikuwa pipa langu zuri kuliko yote. Lilivushwa kwa boti hadi kwetu Lamu, likapandishwa mtaani juu ya punda, majirani wakatoka kulitazama. Tuliliweka uani, mahali penye kivuli. Halikutoa tone hata la kwanza. Mama alilizunguka mara mbili akilipapasa pete zake, na mimi nilijiona mwanaume kamili.

Siku ya nne akanipa kikombe. "Onda," akasema. Nikaonja. Kwangu yalikuwa maji.

"Yana utamu," akasema mama, "kama yametiwa iliki halafu iliki ikatolewa. Siyui ni mbao, siyui ni mkono wako."

Sifa zikaenea. Wanawake wa mtaa wakaja na magudulia. Mama alilipenda pipa lile hadi akawa hanywi maji mengine, na udhu pia akitilia humo humo. Siku moja wakakutana kwetu wanawake wawili waliokuwa wakipanga harusi ya watoto wao, ambao hawakuwa wamewahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Walikaa uani wakinywa maji tangu adhuhuri hadi alasiri, wakaondoka wameshikana mikono wakicheka. Mama akasema ni baraka ya harusi. Nikasema amin.

Pipa lilikuwa na miezi miwili pale Kamau alipokuja kutupa mkono wa Idi. Mama alimpakulia pilau, akamletea na kikombe cha maji. Kamau akapiga funda moja, akasimama, akanitazama juu ya ukingo wa kikombe. Kisha akayamaliza yote, akasema kwa adabu, "Shukran mama, naeza ongezwa?" Mama akafurahi sana.

Nilimsindikiza hadi mlangoni. "Omari," akaninong'oneza, "hiyo maji iko na stimu."

"Stimu gani?"

"Wee, si unajua. Kidogo tu, lakini iko. Ni kama ile yangu ya Ijumaa." Hakuwa akicheka. "Mama anajua?"

Nyuma yangu nilisikia kata ikigonga ukingo wa pipa, mama akiteka maji ya udhu wa alasiri.

Siku tatu sikula vizuri. Sikuweza kuuliza Lamu, maana kila mwalimu wa dini alimjua mama. Nikaenda Chundwa, kijiji cha kisiwa jirani, ambako sikujulikana, nikamkuta mwalimu mmoja mzee akipepeta ufuta mbele ya nyumba yake. Nikamweleza kisa cha rafiki yangu. Alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Asiyeyua hana lake," akasema. "Mama yule swala zake ziko kwa Mola wake, asiogope. Mwenye kuyua akanyamaa, huyo ndiye wa kuulizwa." Akanitazama sasa. "Mwambie rafiki yako arudi kwao kwa ndia fupi. Aingie, aseme, amalize."

Nilimshukuru. Njiani kote nilikuwa nikiyapanga maneno: mama, pipa lile si la maji, na mapipa yangu yote si ya maji, na mchele tunaokula miaka hii yote hautoki kwenye maji. Kila nilipofika hapo kwenye mchele, nilirudi mwanzo. Nilipofika nyumbani alikuwa ameniwekea kikombe mezani, kimefunikwa kwa kisahani.

Sikuipita njia ile, ndia fupi ya mwalimu. Ijumaa, baada ya swala, mama akiwa amekwenda kumtazama bibi arusi, nilichukua nyundo na kigongo cha kushushia pete, nikaenda uani. Fundi hushusha pete kuelekea tumboni mwa pipa ili kukaza. Mimi nilizipandisha, moja baada ya moja, kidogo kidogo, nikilizunguka pipa vile vile nilivyolizunguka nilipoliunda. Ungio moja likatoa machozi, kisha la pili, kisha yote. Maji yakatambaa uani hadi kwenye karo. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sababu hata lilipokuwa likifa halikukubali upesi, nilikuwa nimelifunga vizuri mno.

Mama akarudi na jirani wawili nyuma yake, wameshika magudulia.

"Limefanyani?"

"Limevuya, mama," nikasema. "Kazi yangu mbaya."

Kabla ya magharibi mtaa wetu wote wa Mkomani ulikuwa na habari. Fundi wa mapipa, na la mamake limevuja. Mtu mmoja barazani akaniita Mvuya, wa pili akaitikia, na ikawa ndilo jina. Nilizoea. Lisilozoeleka lilikuwa Bwana Aleki. Habari ilimfikia Mokowe, akaniita pembeni.

"Ile pipa ya mama. Ni kweli?"

Kama ningekataa angetaka kuliona. "Ni kweli, Bwana."

Hakunigombeza. Lakini tangu siku hiyo kila pipa langu alilijaza maji ya moto yeye mwenyewe, mbele yangu, na saa yake mkononi, kama alivyofanya kwa ukindu ule wa kwanza. Alikufa bila kuacha kunipima. Kamau alikuwa akitazama chini kila wakati huo, na hakunisaliti, wala sikumwomba anyamaze.

Mama peke yake ndiye aliyenitetea. "Si mwanangu," aliwaambia, "ni mbao. Mbao za ugenini hazikuzoea mai yetu." Jina la Mvuya halikutajwa ndani ya nyumba yake. Jirani aliyejisahau akalitaja aliambiwa amalize kahawa yake aende zake. Kila alipopigana kwa ajili yangu nilitamani anitukane.

Nilimwundia jingine, la mbambakofi, mbao ambazo hazijawahi kuona pombe. Alikunywa kikombe kizima kwa heshima yangu. "Ni mazuri," akasema. "Si yale." Na miaka yote iliyofuata, hata jabia ilipotengenezwa, alikuwa akiyakumbuka. Akipewa maji popote, akiyasifu, akimaliza hunitazama: si yale. Aliniomba nimrudishie mara ngapi sijui. Nilimwahidi kila mara.

Mwaka jana alipolala mgonjwa hakuinuka tena. Siku moja asubuhi, sauti yake imekwisha kuwa ndogo, akasema, "Nipa mai ya pipa." Nikaenda, nikateka maji ya jabia, nikarudi, nikamwinua kichwa. "Ndiyo haya, mama," nikasema. Akanywa kidogo. Akayaacha kinywani kwa muda, akayameza, akanitazama kwa mato yale yale yaliyokuwa yakichambua mchele.

"Mvuya," akasema.

Mara moja tu. Hakuwa na hasira, mkono wake ulikuwa juu ya kifundo cha mkono wangu na haukuondoka. Siyajui aliyoyajua. Labda ni kikombe kile tu. Labda ni yote, tangu ungo wa mchele. Ndia fupi ilikuwa pale, urefu wake ni kutoka kinywani kwangu hadi sikioni kwake, na nikasema, "Lala, mama." Akalala. Siku ya pili yake tulimzika.

Basi, Khadija, hilo ndilo jibu. Pipa lile halikuvuja. Mbao zake ninazo, zote, na pete zake, nimezifunga fungu moja chini ya kitanda. Njooni mzichukue. Mziunganishe wenyewe, mshushe pete, mtie maji, mngoje siku mbili zivimbe. Mtaona kama litatoa tone. Kisha litaanza kunukia, na mama zenu watapita wawaulize hili lilikuwa pipa la nini. Semeni lilikuwa la wiski. Ni neno dogo, na mimi lilinishinda.